Je, wajua kwa nini mahakama moja ya shirikisho nchini Marekani huvuka mpaka wa jimbo lake?

Mtalii anayevunja kanuni za Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone katika kipande chake cha kaskazini, kilichomo ndani ya jimbo la Montana, hashtakiwi katika mahakama yoyote ya Montana. Kesi yake husikilizwa na Mahakama ya Wilaya ya Shirikisho ya Wyoming, yaani mahakama ya jimbo jirani. Marekani ina wilaya 94 za kimahakama za ngazi hiyo, na hii ndiyo pekee ambayo mamlaka yake yanavuka mpaka wa jimbo na kuingia katika majimbo mengine.

Ili jambo hilo lieleweke, yafaa kwanza kukumbuka kwamba Marekani ina safu mbili za mahakama zinazofanya kazi juu ya ardhi ileile. Kila jimbo lina mahakama zake, ambazo husikiliza mauaji, wizi, talaka, mirathi na migogoro mingi ya kila siku. Kando yake ziko mahakama za shirikisho, ambazo hushughulikia makosa yanayovunja sheria za taifa, mashauri yanayohusu katiba, kesi ambazo serikali ya Marekani ni mmoja wa wadaawa, pamoja na madai baina ya raia wa majimbo tofauti yanayozidi dola 75,000. Msomaji wa Tanzania anaweza kudhani huu ni mfano wa Zanzibar na Bara, lakini sivyo, kwa sababu nchini Tanzania kila upande wa Muungano una Mahakama Kuu yake na eneo lake, ilhali mjini Cheyenne, mji mkuu wa Wyoming, mahakama za jimbo na za shirikisho zinawahudumia wakazi walewale.

Mahakama za wilaya za shirikisho zilianzishwa na sheria ya mwaka 1789, zikiwa 13 kwa kuanzia. Mipaka yake huwekwa na Bunge la Marekani, yaani Kongresi, wala si na majimbo, na tangu mwanzo Kongresi imekuwa ikitumia mipaka ya majimbo kama kipimo cha kugawia kazi. California, Texas na New York kila moja imegawanywa katika wilaya nne, lakini majimbo 26 yana wilaya moja tu inayolihudumia jimbo zima. Wyoming ni mojawapo, na sababu haifichiki: eneo lake linazidi kilomita za mraba 250,000, lakini sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu wasiofika 600,000. Kwa kuwa jimbo ni kipimo tu na si mmiliki wa mahakama, Kongresi inaweza kukiacha kipimo hicho pale inapoona inafaa.

Iliona inafaa kwa ajili ya Yellowstone. Hifadhi hiyo ilitengwa mwaka 1872, wakati Wyoming, Montana na Idaho zilikuwa bado hazijawa majimbo. Montana ilipata hadhi hiyo mwaka 1889, na nyingine mbili zikafuata Julai 1890, na hapo mipaka ya majimbo ikaikata hifadhi: takriban asilimia 96 ikabaki Wyoming, asilimia 3 Montana na asilimia 1 Idaho. Wakati huo hifadhi ilisimamiwa na jeshi, ambalo halikuwa na sheria ya maana ya kumwadhibu jangili. Machi 1894 askari walimkamata mtu aliyekuwa amewaua nyati wa Marekani, waliokuwa karibu kutoweka kabisa, na adhabu kubwa waliyoweza kumpa ilikuwa kumnyang'anya vifaa na kumfukuza hifadhini. Habari hiyo iliwaudhi watu wengi, na Mei mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyoharamisha uwindaji ndani ya hifadhi, ikaiweka hifadhi yote chini ya wilaya ya kimahakama ya Wyoming, na ikaagiza awepo ofisa wa mahakama atakayeishi humohumo. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa wa busara ya kiutawala, kwani mhalifu hakuweza tena kuponea kwenye mabishano ya kwamba alisimama upande upi wa mstari usioonekana msituni.

Kwa muundo wake wa ndani, mahakama hii ni ndogo. Jaji wake wa kwanza, John A. Riner, aliteuliwa mwaka 1890 na kukitumikia kiti hicho kwa takriban miaka 31. Leo sheria inaruhusu viti vitatu vya majaji. Wote huteuliwa na rais na kuthibitishwa na Seneti, na hushika wadhifa wao bila ukomo wa muda, isipokuwa wajiuzulu, wastaafu au waondolewe na Kongresi kwa makosa mazito. Mmoja wao huwa jaji mkuu wa wilaya, lakini hapigiwi kura wala hateuliwi na rais: cheo humfikia mwenye utumishi mrefu zaidi miongoni mwa wasiotimiza umri wa miaka 65, naye hukishika kwa muda usiozidi miaka saba. Kazi yake ni ya uratibu, na neno lake ndani ya kesi halina uzito kuliko la wenzake. Jaji aliyetimiza umri na miaka ya utumishi inayotakiwa anaweza kupunguza kazi akaendelea kusikiliza baadhi ya mashauri, na kiti chake kikajazwa na mwingine. Bila wazee hao, wilaya nyingi zingelemewa.

Chini ya majaji wako mahakimu, ambao huchaguliwa na majaji wenyewe, na wale wa kudumu hukaa kwa vipindi vya miaka minane. Wao hutoa hati za upekuzi, huwasikiliza watuhumiwa mara ya kwanza, na huamua makosa madogo. Mmoja wao ana kituo chake Mammoth Hot Springs, ndani kabisa ya Yellowstone, naye ndiye mrithi wa yule ofisa wa mwaka 1894. Mbele yake hufikishwa watu waliotoka nje ya njia za mbao na kukanyaga chemchemi za moto, au waliowasumbua wanyama. Mashauri ya ufilisi yana jaji wake, anayeteuliwa na mahakama ya rufaa kwa miaka 14. Majalada, ada na orodha za raia wanaoitwa kwenye juri, yaani jopo la wananchi wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, viko mikononi mwa msajili. Maofisa wa probesheni nao ni watumishi wa mahakama. Mwendesha mashtaka mkuu wa wilaya na marshali anayelinda majaji si watumishi wake, ingawa huonekana humo kila siku: hao ni wa serikali kuu.

Mpangilio huu una ufa mmoja. Katiba inataka kesi ya jinai isikilizwe katika jimbo ambamo kosa limetendeka, na marekebisho yake ya sita yanataka juri itoke katika jimbo na wilaya hiyo. Kwa kosa lililotendeka katika kipande cha Idaho, juri ingepaswa kuwa ya watu wanaoishi Idaho na papo hapo ndani ya wilaya ya Wyoming, yaani katika eneo la takriban kilomita za mraba 130 lisilo na mkazi hata mmoja. Mwaka 2005 Brian Kalt, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Michigan State, alichapisha makala akionyesha kwamba, kinadharia, mhalifu mkubwa angeweza kulitumia pengo hilo kukwepa hukumu, kwa kuwa juri hiyo haiwezi kupatikana. Makosa madogo hayaguswi, kwa kuwa hayahitaji juri na hakimu wa Mammoth anayamaliza mwenyewe.

Haukupita muda mrefu, mtu aliyeshtakiwa kwa kumuua kulungu mkubwa katika kipande cha Montana akaijaribu hoja hiyo. Jaji wa Wyoming aliikataa, na mshtakiwa akakubali makubaliano na upande wa mashtaka yaliyomzuia kuikatia rufaa, hivyo Mahakama ya Rufaa ya Kanda ya 10 iliyoko Denver, ambayo ndiyo kwa kawaida hupokea rufaa kutoka mahakama hiyo ya shirikisho, haikupata nafasi ya kusema lolote. Kalt alipendekeza kipande cha Idaho kihamishiwe wilaya ya Idaho, jambo ambalo lingehitaji mistari michache tu ya sheria. Majaji wa Cheyenne hawawezi kuiandika hata wakitaka, kwa kuwa mwenye kalamu ya mipaka ni Kongresi.