Mtoto mwenye sindromu ya Down hufanana na nani?

Mtoto mwenye sindromu ya Down hufanana na wazazi wake. Naanza na sentensi hiyo kwa sababu katika kliniki ya watoto hapa Mbeya, tunakopokea familia kutoka Rungwe, Mbozi, Chunya na hata Makete, mara kwa mara naletewa mtoto ambaye ukoo umekwisha kuamua kwamba hakufuata upande wowote. Ndugu wa mume hutazama macho yaliyoinuka kidogo pembeni na shina la pua lililo bapa, kisha husema kwamba sura ile si ya kwao, na mama hubaki kimya. Kauli hiyo huvunja nyumba za watu, na haina ukweli.

Seli ya binadamu kwa kawaida ina kromosomu 46, yaani nyuzi ndogo zinazobeba jeni za urithi, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Mtoto huyu ana 47, kwa kuwa kromosomu ya 21 imo mara tatu badala ya mara mbili, jambo lililotangazwa nchini Ufaransa mwaka 1959 na Jérôme Lejeune pamoja na Marthe Gautier na Raymond Turpin. Kromosomu hiyo ndiyo ndogo kuliko zote: imebeba jeni zisizofika 300 kati ya takribani 20,000 zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini. Kwa hiyo sehemu kubwa mno ya urithi wake, ikiwamo ile inayoamua kundi la damu na kwa kiasi kikubwa rangi ya ngozi na aina ya nywele, imepita njia ileile iliyopita kwa kaka na dada zake. Mara nyingi ana kromosomu 23 kamili za baba yake na 24 za mama yake.

Hiyo moja ya ziada, katika watoto takribani tisa kati ya kumi, hutoka kwenye yai. Nasema hivyo kwa tahadhari, maana wapo watakaoligeuza kuwa lawama. Mgawanyiko wa yai huanza wakati mama mwenyewe bado yumo tumboni mwa bibi, husimama kwa miaka mingi, kisha huendelea yai linapokomaa. Kromosomu zikishindwa kuachana hapo, hakuna chakula, kazi ya shamba wala mwenendo wa ndoa uliosababisha. Uwezekano huongezeka kwa umri, kutoka takribani mtoto 1 kati ya 1,500 kwa mama wa miaka 20 hadi 1 kati ya 100 kwa mama wa miaka 40.

Jeni za kromosomu ya 21 zikiwa katika nakala tatu huvuruga utendaji wa jeni nyingine nyingi wakati mifupa ya uso inapojengwa, na ndiyo maana watoto wa koo tofauti kabisa huonekana kama ndugu. Alama hizo huiongezea sura ya ukoo kitu, lakini haziifuti. Mtoto anapofika miaka mitano au sita, ukimsimamisha kando ya shangazi yake utaona paji lilelile la uso, masikio yamekaa vilevile, hata namna ya kucheka.

Kwa sababu hiyo huwaomba wenzangu wa wodi ya wazazi wawatazame wazazi kabla ya kuhesabu alama za mtoto. Watoto wengi wetu huzaliwa na shina la pua lililo bapa bila tatizo lolote. Mstari mmoja unaokatiza kiganja hupatikana kwa karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down, lakini upo pia katika familia zisizo na hali hii. Mimi humwomba baba afungue kiganja chake. Mwili uliolegea ni alama yenye uzito zaidi, ingawa uhakika hutolewa na kipimo cha kromosomu peke yake.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba tukisahau urithi wa familia, tunasahau na magonjwa yake. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa selimundu, mtoto huyu hana kinga ya kutoipata, na kifua kinachobana kinaweza kuwa pumu ya upande wa mama. Urefu nao ni vivyo hivyo: watoto hawa kwa wastani ni wafupi, lakini wa wazazi warefu huelekea kuwapita wa wazazi wafupi, hivyo anayeacha kuongezeka apimwe tezi ya shingo (thairoidi), tusiseme tu kwamba ndivyo walivyo.

Hali yenyewe, kwa watoto takribani 95 kati ya 100, haikurithiwa. Wachache, kama 3 au 4 kati ya 100, wana kipande cha kromosomu ya 21 kilichojishikiza kwenye kromosomu nyingine, na baadhi yao wamekipata kwa mzazi mwenye afya njema asiyejijua. Wazazi hao wanapaswa kupimwa wote wawili kabla ya mimba nyingine, kwa kuwa mama akiwa ndiye mbebaji, uwezekano wa hali hiyo kujirudia kwa kawaida ni takribani 10 hadi 15 kati ya 100, na kwa baba ni mdogo zaidi. Kipimo chenyewe ni cha damu ya mkononi, na baba asimwachie mama aje peke yake.