Cheti cha jinsia kinapokutana na Sheria ya Usawa

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu sheria za Uingereza ni hili: ikiwa mtu amepewa cheti cha kutambuliwa jinsia yake mpya, inakuwaje Sheria ya Usawa, ile inayokataza ubaguzi, isimhesabu kwa jinsia hiyo?

Sheria ya Utambuzi wa Jinsia ilitungwa mwaka 2004, baada ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kuibana Uingereza katika kesi ya mwaka 2002 ya Christine Goodwin, Mwingereza aliyebadili jinsia kuwa mwanamke. Kifungu cha 9(1) kinatamka kwamba mwenye cheti anakuwa wa jinsia mpya "kwa madhumuni yote". Wengi husoma hadi hapo wakafunga kitabu. Kumbe kifungu cha 9(3) kinaweka mpaka: kanuni hiyo inafuata masharti ya sheria hiyohiyo na ya sheria nyingine. Ndiyo maana kifungu cha 12 kinamwacha baba kuwa baba na mama kuwa mama, cheti au hakuna cheti.

Sheria ya Usawa ya 2010 nayo inasema tu kwamba mwanamke ni mtu wa kike wa umri wowote. Cheti haikitaji. Ubishi ulizuka juu ya sheria ya Scotland ya 2018 kuhusu wanawake katika bodi za umma: je, aliye mwanamke kwa cheti ahesabiwe humo? Tarehe 16 Aprili 2025 majaji watano wa Mahakama ya Juu ya Uingereza waliamua kwa kauli moja kwamba katika Sheria ya Usawa, "mwanamke" ni jinsia ya kibayolojia.

Kwangu mimi, hoja nzito kuliko zote ilikuwa ya ujauzito. Ulinzi wa wajawazito umeandikwa kwa ajili ya "mwanamke". Kama cheti ndicho kingeamua, mtu aliyezaliwa wa kike akabadili jinsia kuwa mwanamume, ana cheti na ni mjamzito, angeukosa. Tena vyeti ni siri. Mtoa huduma za wanawake pekee angetenganishaje wenye navyo na wasio navyo?

Waliobadili jinsia hawakuachwa bila kinga. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Usawa kinawalinda tangu wanapokusudia kuanza mchakato, bila cheti wala upasuaji. Na mwajiri akimbagua mtu kwa kumdhani mwanamke, anaweza kushtakiwa kwa ubaguzi wa kijinsia hata kama dhana yake si sahihi.