Tembo akibembeza mguu, gari limemkaribia mno

Mgeni anayemwona tembo kwa mara ya kwanza hukimbilia kutazama pembe. Mimi huanzia miguuni. Tembo ambaye bado hajaamua awafanyeje huinua mguu mmoja wa mbele akaubembeza, kama mtu anayesita mlangoni. Au atakunjakunja ncha ya mkonga, au atang'oa nyasi asizozila. Hajapiga hata ukelele, lakini gari limeshapita umbali anaouvumilia. Hapo narudi nyuma taratibu.

Wengi huogopa masikio yaliyotandazwa. Tembo anayekuja mbio kichwa juu, masikio wazi, akipiga baragumu, mara nyingi anatisha tu na husimama kabla ya kufika. Ninayemwogopa mimi ni anayekuja kimya, kichwa kimeinama, mkonga ameukunja kifuani. Nasema mara nyingi, si kila mara. Nikiwa na abiria sipimi bahati. Kupepea masikio polepole mchana wa jua ni jambo jingine kabisa: yamejaa mishipa ya damu, na ndiyo feni yake.

Dume aliye kwenye masti, yaani kipindi ambacho dume huwa na hamu kubwa ya kupanda majike na hasira za karibu, sijadiliani naye. Utamjua kwa majimaji yanayochuruzika kutoka tezi iliyo kati ya jicho na sikio, mkojo unaodondoka ukilowesha miguu ya nyuma, na harufu inayomtangulia. Testosteroni, homoni ya kiume, imempanda mara kadhaa zaidi ya kiwango cha kawaida. Namwachia njia yote, mapema.

Kwenye familia mtafute jike mzee, maana akigeuka yeye wote hugeuka. Na gari lisiingie kamwe kati ya mama na ndama; mimba yake ni ya miezi 22 hivi, na shangazi nao hawana mzaha.

Kuhusu injini madereva hubishana. Mimi huizima tukiwa bado mbali, nikawaacha tembo waje wenyewe wakitaka. Kuiwasha ghafla wakiwa karibu ndiko kunakowashtua. Tena ngurumo yake inafunika maongezi yao: baadhi ya milio ya tembo iko chini ya hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, sikio la mtu haliipati, nayo husafiri kilomita kadhaa. Siku ukiona kundi zima limeganda ghafla, hakuna sikio linalopepea wala mkonga unaochuma, usidhani wamewashtukia ninyi. Huenda wanawasikiliza wenzao walio mbali.