Je, kura za wabunge hugeuka uchaguzi ukikaribia? Tunayoyasema barazani na yaliyomo kwenye Hansadi

Jioni barazani kwetu Majengo, Mombasa, kahawa chungu ikishamiminwa na sahani ya kashata ikizunguka, mazungumzo hayakawii kufika Bungeni. Yuko mzee mmoja ninayemheshimu sana, alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu, na kauli yake ni hiyo hiyo kila siku: "Mwanangu, mbunge ni kusi na kaskazi. Msimu ukifika, hugeuka." Sote huitikia. Nami niliitikia miaka mingi, hadi nilipoanza kusoma Hansadi, zile kumbukumbu rasmi za Bunge, kwenye simu yangu. Uchaguzi mkuu wa Kenya ni tarehe 10 Agosti 2027, na baadhi ya tuliyoyazoea kuyasema yanatufanya tuangalie mahali pasipo.

Dhana: Mwaka wa uchaguzi, rekodi ya kila mwanasiasa hupinduka

Waliolipima jambo hili kwa undani zaidi ni watafiti wa Marekani, kwa sababu huko kura za Congress, Bunge lao, zimehifadhiwa pamoja na majina tangu 1789. Keith Poole na Howard Rosenthal walizichambua kura hizo kwa miaka mingi, wakakuta kwamba mwanasiasa akishaingia na msimamo wake, kwa kawaida huondoka nao. Bunge likibadilika, mara nyingi ni kwa sababu wapiga kura wameleta watu wapya, si kwa sababu wa zamani wamebadili nia.

Lakini mzee wetu hajakosea kabisa. Seneta wa Marekani hukaa miaka 6, na kila baada ya miaka 2 thuluthi moja ya Seneti huenda kwenye uchaguzi. Wanauchumi Paola Conconi, Giovanni Facchini na Maurizio Zanardi walitumia utaratibu huo kuangalia kura za mikataba ya biashara na nchi za nje. Walikuta kwamba maseneta walio katika miaka 2 ya mwisho ya muhula wao huwa wagumu kuifungua biashara hiyo kuliko wenzao ambao uchaguzi wao bado uko mbali. Na waliokuwa wakistaafu, au wenye viti visivyotikisika? Kwao mabadiliko hayo hayakuonekana. Kwangu mimi hilo ndilo la kushika: anayegeuka ni yule mwenye cha kupoteza, tena kwenye jambo ambalo mpiga kura wake analihisi mfukoni.

Dhana: Kwetu kura ni ya chama, kwa hivyo kalenda haina maana

Ni kweli kiranja wa chama akisema, wengi hufuata. Basi tuache majina kidogo tufuate jambo moja: VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya mafuta. Mafuta ya nchi nzima hushukia hapa hapa Kipevu, bandarini kwetu, na bei ikipanda, dereva wa tuktuk wa Mwembe Tayari hajui kingine ila kupandisha nauli.

Sheria ya VAT ya 2013 iliyaacha mafuta nje kwa miaka 3, yaani mpaka Septemba 2016. Ilipofika 2016, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi, muda huo ukasogezwa miaka 2 zaidi, mpaka tarehe 1 Septemba 2018. Uchaguzi wa Agosti 2017 ukapita katikati bila mtu kulipa ushuru huo kituoni. Mwisho wa Agosti 2018 wabunge walipiga kura kuuahirisha tena, Rais akaurudisha mswada na pendekezo la asilimia 8, na kikao cha tarehe 20 Septemba kikawa cha kelele tupu. Kulikataa pendekezo hilo kulihitaji thuluthi mbili ya Bunge, wabunge 233, na idadi hiyo haikupatikana. Asilimia 8 ikabaki, uchaguzi wa Agosti 2022 ukapita, na mwaka mmoja baadaye, Juni 2023, ikapitishwa kuwa 16.

Siwezi kuapa kila mbunge alikuwa akiwaza nini. Ila nazitazama tarehe hizo na sioni sadfa. Kilichogeuka hapo zaidi si mkono wa huyu au yule. Ni jambo lenyewe kuletwa mezani wakati gani. Sheria chungu hupelekwa mwanzoni mwa muhula, wakati tumeshatoka foleni na wino umeshafutika kidoleni. Ukisubiri mwaka wa mwisho ndipo uanze kuhesabu kura za mbunge wako, utakuta rekodi nyeupe, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza swali gumu.

Dhana: Jina lake halimo kwa waliosema ndiyo, basi alikuwa upande wetu

Hili ndilo linaloniumiza, maana ndipo tunapodanganyika zaidi.

Kura nyingi Bungeni hupigwa kwa sauti. Spika huuliza wanaokubali, huuliza wanaokataa, kisha huamua kwa sikio lake. Hakuna jina linaloandikwa. Ili kura ihesabiwe kwa majina, wabunge 30 au zaidi wanaweza kusimama na kudai hivyo. Na shughuli za kawaida zinaweza kuendelea wakiwemo 50 tu kati ya 349, maana ndiyo akidi iliyowekwa na Katiba. Mtu anaweza kumaliza miaka mitano akiwa amepiga makofi mazishini na harusini, na kura zake zenye jina zikawa chache mno.

Chukua Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliojaza vijana pale pembe za ndovu, Moi Avenue, wakiupinga. Tarehe 20 Juni ulisomwa mara ya pili: ndiyo 204, la 115. Tarehe 25 Juni, mara ya tatu: ndiyo 195, la 106. Ndiyo zilipungua 9, na la zikapungua 9 vile vile. Nchi ilikuwa imewaka moto, na Bungeni hakukuwa na wimbi la kuhama upande. Zaidi ya wabunge 40 hawakuhesabiwa si huku wala kule. Wengine huwa wagonjwa, wengine safarini, sawa. Lakini kutokuwepo ni njia ya kale ya kukwepa, na haiachi alama mpaka uitafute.

Wakati mwingine kutokuwepo ndiko kunakoua mswada wenyewe. Ule wa thuluthi mbili ya jinsia, wa kutaka jinsia moja isizidi thuluthi mbili ya Bunge, ulihitaji kura 233. Tarehe 27 Februari 2019 walipatikana 174 tu ukumbini, mswada ukaanguka bila hata kulazimika kupingwa kwa jina.

Dhana: Mbunge anamwogopa mpiga kura wa Agosti

Hapa kwetu Mombasa chama cha ODM kimeshinda ugavana 2013, 2017 na 2022. Mahali ambapo chama kina nguvu kiasi hicho, vita vikali ni vya tiketi, miezi kadhaa kabla ya Agosti. Kwa hivyo uchaguzi ukisogea, mbunge anaweza kumwelekea mkubwa wa chama, si wewe wa Likoni unayepanga foleni ya feri. Isitoshe, Katiba inasema akijiuzulu kutoka chama kilichompeleka Bungeni, kiti kinakwenda. Ukiona mtu ameanza kupiga kura kama alivyoagizwa ilhali zamani alikuwa na sauti yake, angalia mchujo uko lini.

Dhana: Akigeuka, ni mnafiki

Si lazima. Kama watu wa wadi zake wamemjia, wakamweleza, naye akabadili kura, amefanya kazi tuliyomtuma. Mimi humuuliza kimoja tu: baada ya kuchaguliwa tena, kura hiyo ilibaki?

Dhana: Kila tulichopata kilipatikana kwa kura yake

Bandari ni mfano. Agosti 2019 ilitoka amri ya serikali kwamba mizigo ya kutoka nje ipelekwe bara kwa SGR, ile reli mpya, na watu wakaandamana humu mjini. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikasema amri hiyo haikufuata Katiba. Septemba 2022 Rais mpya akatangaza shughuli za bandari zirudi Mombasa. Amri, hukumu, tangazo. Atakayekuja 2027 na kusema aliirudisha bandari kwa kura yake, muulize tarehe ya kura hiyo.

Wiki iliyopita mzee aliniambia, "Haya, nisomee ile ya mafuta." Nikaitafuta Juni 2023, nikaanza na waliosema ndiyo, kisha waliosema la. Alisikiliza tasbihi ikiwa mkononi, akinisimamisha kila nilipokwenda mbio. Alipolipata jina alilokuwa akilisubiri alinyamaza kitambo, akaomba kalamu, akaiandika tarehe ukutani, juu ya mahali anapoegemeza mgongo.