Rekodi ya zamani inakuwa mali ya umma lini?

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wanamuziki wake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay, wakarekodiwa na kampuni ya HMV, na santuri zilizotokana na safari hiyo zikauzwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Leo baadhi ya nyimbo zake zinasikika mtandaoni bila kulipa hata shilingi. Je, unaruhusiwa kuzipakua? Unaruhusiwa kuziweka kwenye video ya harusi ya dada yako, au kwenye kipindi chako cha mtandaoni kinachoingiza pesa za matangazo? Maswali haya yana majibu tofauti, na kinachoyatenganisha ni dhana inayoitwa mali ya umma.

Rekodi huwa mali ya umma pale ambapo hakuna tena mtu, kampuni wala taasisi yenye haki ya kisheria ya kukuzuia kuinakili, kuigawa, kuikatakata au kuifanyia biashara. Hali hiyo huja kwa njia mbili: ama muda wa ulinzi uliowekwa na sheria umekwisha, ama mwenye haki ameiachia kwa hiari yake. Mambo mengine ambayo watu huyachukulia kuwa ruhusa, mara nyingi si ruhusa. Mwimbaji kuwa amefariki hakutoshi. Kampuni iliyorekodi kuwa imefungwa hakutoshi, kwa sababu haki huuzwa na kurithiwa kama shamba. Na wimbo kuwepo YouTube kwa miaka kumi bila mtu kulalamika hakuthibitishi chochote, ila kwamba hakuna aliyelalamika.

Ugumu wa kwanza ni kwamba santuri moja hubeba haki mbili kwa pamoja. Ipo haki ya wimbo wenyewe, yaani maneno na mahadhi yake, ambayo ni ya mtunzi. Halafu ipo haki ya ile rekodi, yaani sauti iliyonaswa siku fulani na mtayarishaji fulani, na wapigaji na waimbaji nao wana fungu lao humo. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 huyatenga mambo haya tangu kwenye jina lake: hakimiliki kwa mtunzi, hakishiriki kwa wasanii na watayarishaji. Waliokulia Mombasa hawatashangaa, maana mji huo una mitaa mizima ambamo nyumba ni ya mtu mmoja na kiwanja ilichosimama ni cha mwingine. Ukikubaliana na mwenye nyumba, bado hujamaliza na mwenye kiwanja.

Mfano mzuri wa mgongano huo ni Mbaraka Mwinshehe. Rekodi alizofanya na Morogoro Jazz miaka ya 1960 zimeshapita miaka 50, na miaka 50 ndiyo muda wa ulinzi wa rekodi za sauti katika sheria za Kenya na Tanzania. Ukiishia hapo utasema ziko huru. Lakini haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 juu yake, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka aliofariki. Mbaraka alifariki mwaka 1979. Kwa hesabu hiyo nyimbo alizotunga mwenyewe zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2029, hata kama santuri iliyozibeba imeshatoka kwenye ulinzi. Warithi wake bado wana cha kudai, na mtu anayeziuza kwenye kadi za kumbukumbu pale stendi hana utetezi wa kusema eti ni za zamani.

Ugumu wa pili ni mipaka ya nchi. Hakuna sheria moja ya dunia nzima inayosema rekodi fulani imekuwa huru. Turudi kwenye zile santuri za Siti za mwaka 1928, tutazame haki ya rekodi peke yake. Kwa Tanzania na Kenya, miaka 50 imepita zamani. India, ambako zilirekodiwa, sheria hutoa miaka 60 tangu kuchapishwa, nayo imekwisha. Umoja wa Ulaya uliongeza muda kutoka miaka 50 hadi 70, nyongeza iliyoanza kutumika mwaka 2013, lakini haikufufua rekodi zilizokuwa zimeshakuwa huru, kwa hiyo santuri zilizotoka kabla ya 1963 zilibaki upande wa umma. Uingereza ni vivyo hivyo. Marekani ndiko kwenye kisiki.

Kwa muda mrefu Wamarekani waliziacha rekodi za kabla ya Februari 1972 nje ya sheria yao ya kitaifa ya hakimiliki. Kila jimbo lilikuwa na kanuni zake, na matokeo yake yalikuwa ya ajabu: silinda ya nta, aina ya kale ya rekodi, ya miaka ya 1890 ilihesabiwa kuwa bado inalindwa. Sheria mpya ya mwaka 2018 ndiyo iliyonyoosha mambo. Rekodi zote zilizochapishwa kabla ya 1923 ziliachiwa kwa mkupuo tarehe 1 Januari 2022. Zilizochapishwa kati ya 1923 na 1946 zinalindwa miaka 100, hivyo kila Januari mosi mwaka mmoja mzima wa santuri hufunguliwa: za 1923 zilifunguliwa 2024, za 1924 zikafuata 2025, za 1925 zikaja 2026. Za kuanzia 1947 hadi 1956 hupewa miaka 110. Zilizobaki, mpaka zile za mapema 1972, zitasubiri hadi Februari 2067. Kwa hesabu hiyo sauti ya Siti iliyouzwa 1928 itakuwa huru Marekani tarehe 1 Januari 2029, miaka mingi baada ya kuwa huru nyumbani kwake.

Hili lina uzito kwa sababu majukwaa makubwa tunayotumia yako Marekani. Unaweza kuwa Tanga, ukatumia kihalali kabisa rekodi ambayo sheria ya Tanzania imeiachia, na bado video yako ikafungwa na mtambo unaolinganisha sauti na orodha za makampuni. Mtambo haujui tarehe za nchi yako. Wapiga piano wa muziki wa Ulaya wa karne ya 18 wanalijua hili vizuri: wanapiga wenyewe, kwa vidole vyao, muziki wa mtu aliyefariki zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, na mtambo unawaambia wameiba rekodi ya kampuni fulani. Katika hali hiyo kuna fomu ya kupinga, na mara nyingi inafaa kuijaza.

Basi, vitu vyenyewe viko wapi?

Kwa muziki wa kibiashara wa mwanzo kabisa, mlango mkubwa ni Maktaba ya Bunge la Marekani, yenye mkusanyiko uitwao National Jukebox uliofunguliwa mwaka 2011 na rekodi zaidi ya 10,000 za kampuni ya Victor. Mwanzoni ulikuwa wa kusikiliza tu, kwa kuwa haki zilikuwa mikononi mwa Sony, iliyotoa kibali. Sheria ilipobadilika, zile za kabla ya 1923 zikawa za kupakua pia. Chuo Kikuu cha California tawi la Santa Barbara kina maelfu ya silinda za nta zilizogeuzwa kuwa faili za kidijitali, pamoja na orodha kubwa ya taarifa za santuri za Marekani: nani aliimba, tarehe gani, mji gani, namba gani ya bamba. Hiyo orodha ndiyo silaha ya mtafutaji, maana bila tarehe ya kuchapishwa huwezi kupiga hesabu yoyote kati ya hizo za juu.

Usitegemee ubora wa leo. Kabla ya 1925 karibu rekodi zote zilifanywa bila maikrofoni. Mwimbaji alisogeza uso kwenye pembe kubwa, na nguvu ya pumzi yake ndiyo iliyotikisa sindano iliyochora mfereji. Besi ilipotea, ngoma zilisogezwa nyuma ya chumba, na upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba kama dakika tatu. Ukisikia wimbo umekatwa ghafla, huenda si faili lako lililoharibika, ni santuri iliyofika mwisho.

Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, ina mkusanyiko mpana sana wa santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, na humo utakuta hata lebo za Afrika. Lakini hapo ndipo pa kuwa macho. Mwaka 2023 makampuni makubwa ya muziki, yakiwemo Universal na Sony, yaliishtaki taasisi hiyo kwa sababu ya santuri hizo, wakataja waimbaji kama Frank Sinatra na Billie Holiday, na kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2025. Kitu kuwa na kitufe cha kupakua hakimaanishi kuwa ni mali ya umma. Maana yake ni kwamba mtu fulani amekipandisha.

Muziki wa Afrika uliorekodiwa na watafiti una makao mengine. Hugh Tracey alizunguka Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo na Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1950 na gari lililobeba mitambo, na alichokusanya kiko katika maktaba aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Makumbusho ya Afrika ya Tervuren, Ubelgiji, ina sauti nyingi za Kongo, Rwanda na Burundi. Berlin kuna hifadhi ya sauti iliyoanza mwaka 1900, na ndani yake zimo silinda ambazo Mjerumani Karl Weule alirekodi kusini mwa Tanzania mwaka 1906. Sehemu ya hazina hizi imewekwa mtandaoni, nyingi kwa kusikiliza au kwa vipande vifupi tu.

Watu hulalamika kwamba taasisi hizi ni bahili. Mimi naona ubahili huo una sababu nzuri, angalau mara nyingi. Wanawake wa kijijini walioimba mbele ya pembe ya Mjerumani mwaka 1906 hawakutia saini mkataba wowote, na hakuna aliyewaeleza sauti zao zingefika wapi. Kisheria rekodi yenyewe inaweza kuwa imeisha muda. Lakini nyimbo za jando, za matambiko au za msiba ni za jamii, na sheria zimeanza kulitambua hilo: sheria ya Tanzania ina sehemu inayohusu sanaa za jadi, na Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni. Mali ya umma ya wazungu wa maktaba si lazima iwe mali ya umma ya Wamakonde. Ndiyo maana kazi ya kurudisha nakala ina maana. Zaidi ya miaka 60 baada ya Tracey kuwarekodi Wakipsigis mwaka 1950, nakala zilirudishwa Kenya na kusikilizwa na wenyewe. Rekodi za Uganda za Klaus Wachsmann, ambazo asili yake iko Maktaba ya Uingereza, zina nakala Makerere. Na ni bahati zipo, kwani shambulio la kimtandao la Oktoba 2023 liliiangusha tovuti ya maktaba hiyo ya London na sauti zake zikakosekana kwa muda mrefu.

Ipo ile njia ya pili niliyoigusa mwanzoni: mwenye haki kuachia mwenyewe. Hapa utakutana na leseni za Creative Commons, ambazo huandikwa kwa herufi. CC0 ni kuachia kila kitu. BY inakutaka utaje jina. NC inakataza biashara. ND inakataza kubadilisha, kwa hiyo hata kuikata rekodi na kuichanganya na mdundo wako haifai. Kwa milio mifupi, kama mvua, soko, honi au mlango unaofungwa, nenda Freesound, iliyoanzishwa mwaka 2005 na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, lakini angalia herufi za kila faili kwa sababu hutofautiana. BBC nayo imefungua maelfu ya milio yake kwa matumizi binafsi, ya elimu na ya utafiti. Tangazo la duka lako halimo.

Unapotafuta, kumbuka kwamba wanaotunza orodha hizi waliandika majina kama yalivyokuwa kwenye lebo. Andika Tanganyika badala ya Tanzania, Ruanda-Urundi badala ya Rwanda au Burundi, Congo Belge badala ya Kongo. Jaribu Siti bint, binti na Sitti. Jaribu taarab na tarab. Ukipata faili, shuka chini hadi sehemu ya haki kabla ya kubonyeza chochote, kisha nakili mahali pamoja mambo manne: mwaka wa kuchapishwa, lebo na namba ya santuri, mtunzi na mwaka aliofariki, na maneno ya leseni kama yalivyoandikwa siku hiyo. Picha ya skrini yenye tarehe inatosha. Siku video ikifungwa, hayo ndiyo utakayoambatanisha kwenye ile fomu ya kupinga.