Je, wajua kwa nini kichujio cha hodhi huoza bila kushika kutu?

Katika nyumba za zamani za Milimani, iwe ya Nakuru au ya Kisumu, kazi ya kukarabati bafu hupenda kukwama mahali pamoja: kwenye kile kichujio cha duara kinachokaa katika tundu la kutolea maji ya hodhi la kuogea. Fundi wa mabomba hukimwagia mafuta, hukibana kwa koleo, hukigeuza. Kinamegeka. Nusu iko mkononi, nusu imebaki tunduni, na kila aliyesimama mlangoni anasema kimeliwa na kutu.

Kutu hula chuma, na vichujio vingi vya enzi hizo si vya chuma. Ni vya shaba ya manjano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, kisha ikapakwa kromu ing'ae. Ule ukahawia unaozunguka tundu hutoka kwenye hodhi lenyewe, ambalo ni chuma kilichofunikwa kwa enameli, yaani ganda gumu linalong'aa kama kioo. Enameli ikibanduka ukingoni, maji hukifikia chuma. Kutu basi ipo, ila ni ya jirani. Na anayeisingizia huingia hasara, kwa sababu huongeza mafuta, akasubiri hadi kesho, kisha akaongeza nguvu. Mafuta hulegeza thredi zilizokwama. Hayarudishi madini yaliyokwisha kuondoka.

Yaliyoondoka ni zinki. Zinki hupoteza elektroni upesi kuliko chuma, na ndiyo maana hupakwa kwenye mabati: yenyewe huliwa kwanza, chuma cha chini kikapona. Ikiwa ndani ya shaba ya manjano, wepesi huohuo huigeuka. Maji yanayotuama chini ya ukingo wa kichujio, penye nywele na utando wa sabuni, huinyonya kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi, na kuacha shaba nyekundu peke yake, imejaa vitundu visivyoonekana kwa macho.

Fikiria mwimo wa mlango ulioingiwa na mchwa. Rangi ya nje iko palepale, unene ni uleule, mlango unafunguka na kufungwa. Mchwa wamekula kiini wakaacha ganda, na ganda hilo litasimama miaka kwa kuwa hakuna anayeliegemea. Kichujio nacho ni hivyo. Kipimo chake hakibadiliki, kromu inang'aa, maji yanapita, hata nati ya chini haivuji, maana kazi yake ya kila siku haidai nguvu yoyote. Siku ya spana ndiyo siku yake ya kwanza kuegemewa tangu kifungwe.

Ushahidi utauona pale kilipovunjikia. Shaba ya manjano iliyo nzima huonyesha umanjano hadi ndani. Iliyonyonywa huwa na wekundu wa waridi, na ukiikwaruza kwa ncha ya bisibisi hutoa unga. Wekundu wa juujuu tu hautoshi kuihukumu, kwani huweza kuwa utando mwembamba. Hata namna zinki inavyotoka imezua ubishi miongoni mwa wanakemia: wapo wanaosema hutoka peke yake, wapo wanaosema madini yote mawili huyeyuka, kisha shaba nyekundu ikarudi kujibandika. Huenda yote mawili hutokea, kutegemea maji.

Shaba yenye zinki isiyozidi asilimia 15 hivi haisumbuki sana, lakini ya vifaa vya kawaida vya mabomba hukaribia asilimia 40. Kinga iliyopatikana inashangaza: aseniki, sumu ileile, chini ya asilimia 0.2 tu, pamoja na kupunguza zinki kidogo. Vifaa vya namna hiyo vya Uingereza hugongwa herufi CR.

Kwa hiyo ukikuta kichujio kimeanza kumegeka, acha kugeuza. Shusha wembe wa msumeno wa chuma ndani ya tundu, kata ukuta wake mahali pawili, ukome kabla ya kugusa hodhi, kisha kunja vipande kwa ndani kwa tindo. Vigae vya ubavuni mwa hodhi huenda ukavibomoa hata hivyo ili mkono ufike chini yake, maana kichujio kipya nacho kinataka nati kwa chini.

Na ukivipeleka vipande kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, usitarajie mengi. Ukubwa ni uleule wa zamani, ila mizani itakumbuka zinki iliyokwenda na maji.