Mtumishi wa Judith si ushahidi wa mavazi ya watumwa

Ni rahisi kuamini kwamba kilemba na vitambaa vya mistari anavyovishwa mtumishi wa Judith, mwanamke wa kisa cha Biblia aliyemkata kichwa jemadari Holofernes, katika michoro ya kidini ya Italia ndivyo walivyovaa wanawake watumwa wa mji wa Florence. Sivyo. Wachoraji walitumia mavazi hayo kuonyesha kwamba kisa ni cha kale na cha Mashariki.

Florence, iliyoruhusu mwaka 1363 uingizaji wa watumwa wasio Wakristo, wengi wao Watatari (watu wa nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi), ilitunga baadaye sheria zilizowabana wavae sufu nzito isiyo na rangi za kung'aa. Sheria nayo, lazima nikiri, huonyesha matakwa ya watawala, si lazima yale yaliyovaliwa. Kwa nguo zenyewe, ni heri kutazama daftari la hesabu za nyumbani, ambamo manunuzi yaliandikwa.